Tangi la vepu linabana hewa, nitoboe kitako ama niache?

Kijana_Tudor:

Wana Mombasa salaam aleikum, nisaidieni na hili tangi kabla sijaliharibu. Ni tangi dogo la mililita 2, lile la kuvuta kama sigara, mdomoni kwanza ndo kifuani, koili yake (ule waya wa kupasha juisi moto, wenye pamba ya kunywa juisi) omu 1.6, mashine ni ya wati 12 tu ile ya betri ya ndani ya kuchaji. Utamu hauna neno, shida yangu ni hewa. Pete ya hewa nimeifungua mpaka mwisho na bado nikivuta mashavu yanabonyea, barazani kwetu washanipa jina ambalo siliandiki hapa. Kitakoni mna matundu mawili, moja huku moja kule, na kila moja halizidi milimita 1, nimepima kwa sindano.

Sasa kuna video kibao za Wamarekani wanafungua kitako wanatia drili wanapanua tundu mpaka milimita 2, baada ya hapo mtu anapuliza wingu la kufunika chumba. Yaonekana rahisi. Drili ya kakangu iko, ile kubwa ya kutobolea ukuta, na biti ya milimita 2 ntaikosa wapi. Swali ni hili, nikipanua ntapata hewa kweli ama ntapata tangi la kuvuja? Na kama kuna mtu hapa ashawahi kutoboa lake aniambie alianzia wapi. Tafadhali msiniambie ninunue jipya, tangu ile Sheria ya Fedha ya 2022 iweke ushuru wa shilingi 70 kwa kila mililita ya maji ya nikotini, hela zangu zote zaishia kwenye juisi.

Nahodha_Bamburi:

Weka hiyo drili chini kwanza yakhe, hujajua bado hewa inabanwa wapi. Hewa ya tangi inapita njia ndefu kuliko unavyofikiri. Inaingia kwenye pete, inapita matundu ya kitako, inafika chini ya koili, inapita katikati ya koili yenyewe, inapanda bomba la kati, ndo inatokea kwenye kidomo. Pale pembamba kuliko kote ndo panapoamua. Ni kama foleni ya Likoni, panua barabara ya kuingia feri mpaka iwe njia nane, feri itabeba magari yaleyale iliyokuwa ikibeba. Koili nyingi za omu 1.6 na 1.8 zina tundu la ndani jembamba makusudi, zimeundwa zivutwe kwa kubana, kwa hivo ukipanua kitako mpaka 2 waeza kukuta kuvuta kumelegea kidogo tu halafu basi, na tundu likishapanuka halirudi.

Kuna kipimo cha bure. Mwaga juisi, toa koili, osha kila kitu kwa maji ya moto, kausha vizuri, alafu lifunge tangi tupu bila koili, lisiwe kwenye mashine, uvute. Hewa itapita kitakoni itoke kwa glasi mpaka mdomoni kwako. Ikiwa bado imebana vilevile basi kitako ndo mwizi wako na hapo mazungumzo ya drili yana maana. Ikiwa imelegea kabisa basi ni koili, na dawa yake ni koili ya aina nyingine inayoingia kwenye tangi hilohilo, usiguse chuma. Kisha toa kidomo uvute bila hicho, kuna vidomo vya kuuzwa na tangi vina tundu dogo la ajabu na kubadilisha kidomo cha 510, ile saizi ya kawaida, ni kitu cha kuchomoa na kuchomeka tu.

Alafu jaribu likiwa kwenye mashine na likiwa nje ya mashine. Kuna matangi ya zamani, na kalamu za vepu za zamani pia, hewa yao yaingilia kwenye hesi pale chini, kuna kijifereji kidogo kimechongwa, sasa tangi likikaza sana juu ya mashine bapa hicho kijifereji kinafunikwa. Mtu analegeza robo mzunguko na hewa inarudi. Usilegeze zaidi ya hapo, betri itakosa kugusa na mashine itakuambia haioni koili.

Na la mwisho, uchafu. Ule mvuke ukipoa hugeuka maji mazito unashuka kwenye njia ya hewa, unaganda pamoja na vumbi la mfukoni. Tundu la milimita 1 likipungua robo yake tu utalisikia kwenye mashavu. Sijui umelisafisha lini.

Mvutaji_wa_Makupa:

Mimi nakataa hata hilo swali. Hilo tangi halina ugonjwa, ndo lilivyoundwa. Tangi la kuvuta kama sigara lazima libane, ukitaka mawingu tafuta mashine ya wati 40 na koili ya omu 0.4 uvute moja kwa moja mpaka kifuani. Wati 12 na hewa ya kumwaga ni sawa na kuvuta upepo wa bahari, koili inapoa, mvuke unakuwa mwepesi, utamu unakufa, alafu urudi hapa kulia.

Kijana_Tudor:

@Mvutaji_wa_Makupa sitaki wingu la kufunika Nyali, nataka nisivute kama mtu anyonyae madafu kwa mrija ulioziba. Katikati hapo kuna sehemu, ama hakuna?

fundi_vyuma_Majengo:

Ipo, na yapatikana kwa biti ndogo kuliko unayoitaja. Watu husahau hesabu hii, uwazi wa tundu unakwenda kwa kipenyo mara kipenyo. Kutoka milimita 1 kwenda 1.2 yaonekana kama si kitu lakin uwazi umeongezeka asilimia 44. Kutoka 1 kwenda 1.5 umezidi mara mbili. Kutoka 1 kwenda 2 ni mara nne, na we una matundu mawili, kwa hivo ukifanya vile video inavyosema tangi la sigara utaligeuza kitu kingine kabisa kwa dakika tano. Anza 1.2. Jaribu siku kadhaa. Ukiona bado nenda 1.4 ama 1.5. Na una pete, maana yake ukizidisha kidogo waeza kuifunga, ilimradi pete yenyewe ina uwazi mkubwa kuliko tundu unalotoboa, angalia hilo kabla, kuna pete matundu yake ni madogo kama ya kitako, hapo utatoboa kitako bure.

Sasa drili. Ya ukuta hapana. Ile ina mtikiso wa nyundo na biti nyembamba itavunjikia ndani, ukishapata kipande cha biti kimekwama kwenye kitako cha chuma cha pua ndo umelitupa tangi. Kuna mshikio mdogo wa mkono, waingiza biti unazungusha kwa vidole, masonara na mafundi wa saa wanao, polepole na tone la mafuta ya cherehani. Kitako usikishike mkononi, kitie kwenye jiliwa na ukifunge kitambaa cha ngozi ama mpira hesi zisiumie. Biti ziwe za chuma cha kawaida kigumu. Zile nyembamba za kutobolea bodi za umeme, zenye shina nene na ncha nyembamba, zinakata vizuri kwenye mashine iliyosimama lakin kwa mkono ukiyumba kidogo tu zinakatika.

Sikiza sana hapa. Kabla ya kutoboa kitu chochote toa koili, toa glasi, toa oringi zote, vile vipete vya mpira vya kuzuia kuvuja, kisha angalia kwa tochi ukuta wa juisi uko wapi. Tundu la hewa la kitako laingia kwenye chumba kilicho chini ya koili. Ukitoboa juu kidogo ama biti ikienda mshazari utatokea upande wa juisi, na hilo halizibiki na gundi yoyote ambayo ningekuruhusu kuivuta. Kwa hivo usifungue tundu jipya, panua lililopo, biti ifuate njia ileile. Na usiguse pini ya katikati ya hesi ya 510, ile inayofunga tangi kwenye mashine, wala kile kipira kinachoizunguka. Kile ndo kinatenganisha chanya na hasi, ukikichubua umetengeneza shoti.

Ukimaliza, kwa ndani kutabaki makali ya chuma, yaondoe kwa kuzungusha biti kubwa zaidi kwa vidole pale kwenye mdomo wa tundu, mizunguko miwili mitatu yatosha. Makali hayo yakibaki yanakata oringi ya pete na hapo ndo kuvuja kunapoanzia, halafu mtu asema drili imevujisha tangi.

Mamake_Swaleh:

Mimi niko kwenye duka la dawa na nataka kusema la unga wa chuma sababu naona mmelipita. Chenga zinazotoka pale huzioni zote kwa macho. Zikibaki kitakoni utazivuta, ama zitaingia kwenye pamba ya koili zikae hapo zikipata moto. Osha kwa maji ya moto na sabuni, mswaki laini, suuza, rudia, alafu puliza kwa nguvu kutoka ndani kwenda nje. Koili mpya baada ya hapo, ile ya zamani usiirudishe.

La pili, jua tangi lako ni la chuma gani. Vitako vingi vya bei ya chini ni shaba nyeupe ama shaba ya njano iliyopakwa kromu juu. Ukitoboa umeondoa kile kipako na ndani ya tundu shaba imebaki wazi, na shaba ya kuchongwa mara nyingi hutiwa risasi kidogo ili iwe laini kwa mashine. Hewa unayovuta na juisi inayoshuka vinapita hapohapo kila siku. Chuma cha pua hakina shida hiyo. Ukichungulia tundu baada ya kutoboa ukaona rangi ya dhahabu ndani, mimi ningelitupa, samahani.

La tatu ndo kubwa na hakuna aliyelitaja. We wavuta juisi ya nguvu gani? Watu wa matangi ya kubana huvuta miligramu 12, 18, ama zile za chumvi ya nikotini za 20 mpaka 50. Ukifungua hewa utaanza kuvuta kwa kifua bila kujua, pumzi ndefu, mvuke mwingi kwa mara moja. Nikotini ileile ya 20 kwa pumzi ya namna hiyo itakupa kizunguzungu, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, jasho la baridi. Wanaovuta moja kwa moja wako kwenye 3 au 6. Wenzetu wa Ulaya sheria yao imefunga nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita na tangi lisizidi mililita 2, hizo tangi ndogondogo zilizojaa huku nyingi zimeundwa kufuata sheria hiyo. Na kama kuna watoto nyumbani chupa iwe juu kabisa tena imefungwa, juisi inanukia peremende na kijiko kimoja ni sumu kwa mtoto. Kama huvuti kitu usianze eti sababu umesoma hapa.

Kijana_Tudor:

Navuta 12, sio ya chumvi. Ahsante mamangu, hilo la nikotini silo nililotarajia kulisikia kwenye swali la drili lakin nimelishika. Kuhusu chuma, kimeandikwa 304 chini kabisa kwa herufi ndogo.

Mamake_Swaleh:

304 ni chuma cha pua. Sawa basi. Ukiweza kuamini maandishi.

Mvutaji_wa_Makupa:

Na kuvuja je? Mnaongea kama mko Uingereza. Hapa Mombasa joto pekee latosha kumwaga tangi lisilotobolewa.

Nahodha_Bamburi:

Hapo Makupa kasema kweli kwa mara ya kwanza leo. Juisi haikai tangini kwa sababu ya pamba peke yake, pale juu kuna hewa imefungiwa ambayo inavuta kidogo na kuizuia isishuke. Hewa hiyo ikipata joto inapanuka. Kutoka digrii 20 kwenye chumba cha eisi mpaka 35 ndani ya matatu imepanuka kama asilimia 5, na hiyo asilimia 5 inasukuma juisi chini kwenye koili ikatokee kwenye matundu ya hewa. Na juisi yenyewe kwenye joto inakuwa nyepesi. Tangi nusu tupu lavuja zaidi ya lililojaa sababu hewa ndani ni nyingi. Sasa matundu yakipanuka juisi iliyofika pale chini haipati cha kuizuia, tundu dogo lilikuwa likiishika kidogo, kubwa laiachia mfukoni. Kwa hivo ukitoboa ujue utabadili na tabia, hakuna tena kuliacha kwenye gari vioo vimefungwa unangoja feri, libebe wima, ukijaza funga pete ya hewa kwanza ndo ufungue juu.

Upande wa pili pia upo, haki isemwe. Tangi linalobana sana lafurika lenyewe, sababu ukivuta kwa nguvu pasipo hewa unavuta juisi badala ya hewa, ndo ile milio ya kugugumia na matone ya moto kwenye ulimi. Hewa ikiongezeka kidogo gugumio laisha. Ikizidi mno pamba haipati juisi ya kutosha hasa kama juisi yako ni nzito, ile ya 70 kwa 30 (glisirini 70, propilini glikoli 30), koili ndogo za omu 1.6 haziipendi hata kidogo, zinataka 50 kwa 50. We watumia gani?

Kijana_Tudor:

70 kwa 30. Ndo aliyonipa muuzaji, akasema ndo nzuri.

Nahodha_Bamburi:

Basi badili hiyo kabla ya drili. Juisi nzito kwenye koili ndogo pamba haishibi, mtu anavuta kwa nguvu zaidi akitafuta mvuke, kisha anasema hewa hakuna. Haiondoi kubana kwa matundu lakin nusu ya malalamiko yako yaeza kuwa hapo.

pwani_mbichi:

swali dogo jamani, mimi nina zile za kuvuta tu hazina kitufe, ile ya kibweta cha kuchomeka. naeza toboa pia upande wa kibweta?

fundi_vyuma_Majengo:

Hapana ndugu. Hiyo haina kitufe kwa sababu ndani kuna kihisi, ukivuta hewa inapungua shinikizo na hicho kihisi kinawasha betri. Ukitoboa tundu la pembeni hewa yaingilia huko, shinikizo halipungui, utavuta mpaka kesho haiwaki. Kama kibweta kina pahali pa kukigeuza upande, kigeuze, vingi upande mmoja wabana na mwingine umelegea. Kisipogeuzika kiache kilivyo.

Kijana_Tudor:

Nimerudi na majibu ya kipimo cha Nahodha. Bila koili tangi tupu, bado linabana, limelegea kidogo sana. Bila kidomo hakuna tofauti yoyote. Nje ya mashine na juu ya mashine sawasawa. Ila nilipokisafisha kitako kwa mswaki, tundu moja lilikuwa na kitu cheusi kama lami kimeziba karibu nusu, na chini ya pete mulikuwa na nyuzi za kitambaa. Baada ya kusafisha na kutia juisi ya 50 kwa 50 kumekuwa afadhali, siwezi kudanganya, mashavu hayaingii tena vile. Lakin bado nataka kidogo zaidi, na kwa kipimo hicho koili haina makosa, kitako ndo chenyewe. Pete nimeiangalia, uwazi wake ni mfereji mrefu, mkubwa kuliko matundu. Kwa hivo 1.2?

fundi_vyuma_Majengo:

1.2, yote mawili, sawasawa. Ukipanua moja tu hewa haitaingia sawasawa pande zote mbili. Kalipa, kile chombo cha kupimia milimita, kama huna muombe mtu, usipime kwa sindano tena.

Na hiyo kazi usiifanye mwenyewe kama huna jiliwa. Mpelekee sonara yeyote wa Mji wa Kale, mwambie ni chuma cha pua asije akadhani ni fedha, muonyeshe tundu lililopo na umwambie alifuate. Ni kazi ya dakika chache na biti anazo za kila namba. Mpelekee kitako kitupu, kisafi, bila oringi, bila harufu ya juisi. Usimpelekee tangi zima lina maji, atakufukuza.

Mvutaji_wa_Makupa:

Na mwambie asitie ile dawa yake ya kung'arisha. Mafundi hawa kila kitu kikipita mkononi lazima king'ae.

Mamake_Swaleh:

Hilo kweli. Ile dawa ya kung'arishia ni nta iliyochanganywa na unga wa kusugulia, inaingia kwenye hesi na kwenye matundu na maji matupu hayaitoi. Akishatia, osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto zaidi ya mara moja, upitishe pamba ya masikio kwenye kila tundu mpaka itoke nyeupe.

Nahodha_Bamburi:

Ukirudisha, kabla ya kuwasha weka koili mpya, tia juisi, ngoja dakika kumi pamba inywe, alafu angalia mashine yasoma omu ngapi. Ikisoma 1.6 ama karibu na hapo washa. Ikisoma 0.3 ama ikisema shoti, chomoa tangi palepale, kuna chenga imekaa kwenye pini. Mashine yako ina kinga itakataa kuwasha, lakin mwenye ile ya chuma tupu isiyo na bodi, betri ya 18650 ikijaa ni volti 4.2, na ikipata shoti haimngoji mtu.

Kijana_Tudor:

Mashine yangu haina kioo, ina taa tu. Nasoma omu kwa nini sasa?

fundi_vyuma_Majengo:

Mita ya mafundi wa umeme, iweke kwenye omu 200, mguu mmoja kwenye pini ya katikati, mwingine kwenye hesi ya nje. Kwanza gusanisha miguu yenyewe kwa yenyewe, ile namba itakayotokea uitoe kwenye jibu. Fundi simu yeyote anayo, pale Mwembe Tayari hata hutolipa.

Kijana_Tudor:

Poa. Kesho baada ya adhuhuri nashuka Kibokoni, hukohuko Mji wa Kale, na kitako kwenye kikaratasi. Mwenye kujua sonara asiyeuliza maswali mengi anitumie ujumbe wa pembeni, sababu wa kwanza niliyempigia ameniuliza hii pete ni ya mchumba gani.